Tiki Zangu Kwenye Daftari la Zuhura

Leo nimeshukuriwa kwa kosa nililofanya mwaka wa 1972.

Nilienda River Road kuchapisha kadi za harusi ya mjukuu. Mama mwenye duka akanikazia macho.

"Mwalimu! Ni mimi Zuhura, wa hesabu za Jumamosi!"

Jamani, nilimkumbuka papo hapo.

Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni, nikapewa wale wa mwaka wa kwanza waliolemewa na hesabu niwasaidie. Zuhura ndiye aliyemaliza mwisho kila wiki. Hesabu za logi zilimtesa huyo dada!

Nami nilikuwa na haraka ya kwenda mpira.

Kwa hivyo (msinitukane) nilikuwa naweka tiki bila hata kusoma. Tiki, tiki, tiki, haya nenda nyumbani.

Leo akafungua droo, akatoa daftari. Lile lile! Limejaa wino wangu mwekundu.

"Huwa nawaonyesha wajukuu," akasema. "Wengine walinicheka. Wewe peke yako ulinipa moyo."

Nikatabasamu kama mjinga.

Kisha akaguna. "Lakini mpaka leo najiuliza, mwalimu. Kwako nilipata zote. Mtihani ulinishindaje hadi nikaachishwa chuo?"

Ningemwambia. Mdomo nilishaufungua.

Nikasema, "Mitihani ya siku zile ilikuwa migumu, mama."

Tiki nyingine hiyo.

Akalifuta daftari vumbi kwa leso, akalirudisha polepole.

Kadi nazichukua Ijumaa. Nyinyi mngemwambia?