Wa Tano kwenye Sinia

Katika maneno yote ya shuleni, nililolichukia zaidi lilikuwa "baki". Kujumlisha sikuwa na ugomvi nako, kutoa nilikuvumilia, lakini kugawanya kulinitia uchungu. Kila ukimaliza, walikuwapo wawili watatu waliosukumwa pembeni mwa kibao na kuachwa huko. Nilikuwa mtoto mwenye hasira za karibu. Niliwaonea huruma hao waliobaki, nikamkasirikia aliyewaacha.

Tulikaa Mji wa Kale, nyumba moja na shangazi yangu, dada mkubwa wa baba. Nyumbani walikwisha kukubaliana kwamba kichwa changu hakikuumbiwa hesabu. Walilisema kwa upole, na hata leo upole wa namna ile huniudhi. Mtu mzima akimpangusa mtoto machozi na kumwambia, "Usijali, hata mimi zilinishinda," hudhani amemfariji, kumbe amemfungia mlango. Baba naye alisema hivyo hivyo, kisha akaongeza lake: mwaka ule hesabu zikinishinda tena, shule basi. Ningekaa ndani na shangazi nijifunze kupika mpaka nipate mume. Mimi nilitaka shule. Nilipenda kusoma kwa sauti, nilipenda harufu ya chaki, na nilipenda kule kutoka asubuhi mlango ukafungwa nyuma yangu.

Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa mwanamke kijana kutoka Unguja, msafi, mkavu wa maneno. Siku moja alituandikia ubaoni: wageni ishirini na watatu wamealikwa chakula, kila sinia huliwa na watu wanne, je, tugawanye vipi? Wenzangu waliandika tano, baki tatu. Mimi niliandika tano, nikaweka chaki chini.

Alisimama juu yangu. "Baki iko wapi?"

"Hapana baki, mwalimu."

Darasa likacheka. "Sasa hawa watatu wamekwenda wapi?" akauliza.

Jibu nilikuwa nalo, lakini kwa vicheko vile ulimi ulinikwama. Akanitia alama ya kosa, akapita. Niliona haya hadi masikio yakawaka moto, na njia nzima ya kurudi nyumbani nilijiambia kwamba watu wa nyumbani wamesema kweli.

Haukupita muda mrefu, shangazi akamwoza binti yake. Vita vya dunia vilikuwa vimekwisha, lakini mchele ulikuwa bado wa kutafutwa, kwa hiyo shangazi alipakua pilau kwa mkono mzito na jicho kali: sinia moja, watu wanne. Wanawake wa mtaa wote walialikwa, na mwalimu akiwamo. Nilimwona akiingia pale ghorofani kwa kuchelewa, pamoja na wanawake wengine wawili, wakavua mabuibui yao na kusimama mlangoni. Chumbani kwetu masinia sita yalikuwa yamekwisha kukaliwa. Nafasi hapana, na chunguni hapana tena.

Nilikuwa nimemzoea mwalimu akiwa amesimama na sisi tumeketi, lakini si hivi. Alikuwa akitazama chini, kama mtu anayetafuta namna ya kuondoka bila kuonekana.

Shangazi akatokea nyuma yao na kitambaa cha jikoni begani. "Mbona mumesimama? Mwangu hapana mtu wa kusalia mlangoni. Songeeni, nyinyi. Wewe ndoo uketi hapa, wewe pale. Na wewe, mwanangu, keti na huyu wetu, yuwakujua."

Basi mwalimu akawa wa tano kwenye sinia letu, goti lake juu ya goti langu. Nilikuwa nikila kwa adabu ambayo sijawahi kuwa nayo, tonge ndogo ndogo, nikiomba asiniulize kitu. Kisha nikamwona amesita, mkono uko juu ya pilau, anazungusha macho chumbani toka sinia hadi sinia.

"Kumbe wale watatu walikwenda huku," akasema polepole.

"Ndiyo, mwalimu. Mmoja mmoja, masinia matatu."

"Na yale mengine?"

"Yana wanne wanne."

"Wangekuja watatu zaidi?"

"Yote yangekuwa na watano."

"Akaja na mwingine tena, peke yake?"

Nikafikiri. "Huyo angekula na shangazi jikoni. Shangazi hali mpaka watu wamalize."

Alicheka, na mimi nikacheka. Ndipo nilipogundua kwamba nimeulizwa hesabu tatu mfululizo na sikuogopa hata moja. Nilifurahi kiasi cha kusahau adabu, nikachukua nyama iliyokuwa upande wake.

Shuleni hakunifutia lile kosa. Alichora ubaoni masinia matano, akaniita mbele nikawaketisha wageni wote ishirini na watatu mbele ya wenzangu, na safari hii hawakucheka. Kisha akaniambia, kwa ukavu wake ule ule, "Lakini mtihani hauna shangazi. Andika baki kwanza, halafu uiketishe."

Nikafanya hivyo. Kila baki niliyoiandika niliiuliza itaketi wapi. Nikajifunza kwamba watu hawakatiki, ila mchele hukatika, na kwamba vibaba vitatu vilivyobaki kwa nyumba nne vinaweza kugawanywa tena, kila nyumba ikapata robo tatu za kibaba. Wengine waliziogopa sehemu. Kwangu zilikuwa nafasi mpya za kukalia tu.

Nilifaulu, si kwa sifa, lakini nilifaulu. Baba alikisoma cheti, akakigeuza, akakisoma tena. Shule ikafunguliwa na bado alikuwa anafikiri, maana alikuwa tayari amejizoesha kunihesabu miongoni mwa wa ndani. Siku ya tatu shangazi alimwambia wazi kwamba jikoni kwake hahitaji mtu anayegawa pilau kwa maswali. Nikaruhusiwa.

Nilifika darasa jipya nimechelewa. Mwalimu alikuwa ubaoni, ni yule yule, amepandishwa pamoja nasi. Nikasimama mlangoni nikatazama madawati. Kila dawati lilikuwa na wasichana wanne, limejaa. Sikuhitaji kibao kujua hesabu ile. Safari hii baki nilikuwa mimi.

Mwalimu akageuka, akaniona, akayatazama madawati.

"Songeeni," akasema.