Mtoto wa Degedege Hachomwi Sindano

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu, maduka ya dawa yaliota Newala kila kona. Mtu jana alikuwa anauza betri na sabuni, leo anachoma watoto sindano nyuma ya pazia. Sisi manesi ndio tulioletewa matokeo. Nilichoka, jamani, nilichoka!

Mchana mmoja aliletwa mtoto mdogo, mwili moto, ametoka kushikwa na degedege njiani. Alikuja na mama yake na bibi yake mzaa baba. Daktari akaandika sindano ya kwinini. Nikaja na sinia yangu, bibi akasimama katikati.

"Shikamoo, bibi. Nipishe nimtibu mjukuu wako."

"Marahaba. Mtoto wa degedege hachomwi sindano. Akichomwa, anakufa."

Haya sasa! Wimbo huo niliusikia tangu nikiwa mwanafunzi Masasi, na kila mara ulinipandisha mori. Huku kwetu kila mtu anamjua mtoto aliyechomwa akafa. Hakuna anayekumbuka kwamba alifikishwa hali imeshakuwa mbaya. Daktari akafoka kwamba hana muda wa ushirikina. Bibi akazidi kumng'ang'ania mtoto. Mama mtu kimya, kainamisha kichwa.

Kimya kile hakikunikalia sawa. Mama ambaye mwanawe amezidiwa hulia, hubembeleza, au hata humtukana nesi. Huyu alikuwa akivutavuta kitenge kufunika paja la mtoto. Nikaweka sinia chini. Daktari akaniuliza nangoja nini, nikamwambia nampoza homa kwanza. Kwa kitambaa cha maji bibi hakuwa na ugomvi. Nikachukua maji kidogo yaliyobaki kwenye ndoo, maana Newala hata maji ya mgonjwa ni ya kubana, nikaenda na mama na mtoto nyuma ya pazia.

Paja lilikuwa limevimba, na tundu la sindano bado bichi.

"Nani kamchoma?"

Akaangua kilio. "Mwenye duka, asubuhi. Alisema ni kwinini. Dada, usimwambie mama mkwe! Mtoto akifa watasema nimemuua mimi. Nitarudishwa kwetu."

Damu ilinichemka. Dozi nyingine juu ya ile, moyo wa mtoto ungeweza kusimama mikononi mwangu! Lakini nikajizuia, nikamshika mama bega. "Umefanya vizuri kusema. Mshike mwanao, nipo hapa." Kisha nikaenda kumnong'oneza daktari. Akafuta agizo la sindano, akaagiza dripu ya sukari na mtoto aangaliwe kwa karibu.

Dripu nayo ina sindano, kwa hiyo nilijiandaa kwa vita ya pili. Bibi akaunyoosha mwenyewe mkono wa mtoto.

Jioni mtoto akaomba uji. Mama alipotoka kuufuata, bibi akanisogelea.

"Ile ya dukani, amekwambia?"

"Bibi, ulijua?"

"Nililiona paja tangu nyumbani. Ningesema, mwanangu angemwacha mkewe. Nikaizuia ya pili kwa maneno niliyokuwa nayo."

"Nyie watu mtaniua kwa presha!" nikamwambia. "Huyu mtoto mngemzika kwa kustahiana!"

Mama akarudi na uji. Wakatazamana, la dukani hakulitaja hata mmoja, wakaanza kumlisha.