‘Siketi’: Mtafiti wa Ruiru aliyewakabili wauza chupa za uponyaji

Ni saa mbili unusu asubuhi, na katika maabara moja mjini Ruiru Mitchell Nekoye anainamia darubini na kuguna. Anatazama seli za saratani ya damu. Jana alizidondoshea kemikali aliyoichuja kutoka kwa mizizi ya mti. Leo nyingi zimekufa.

Anavuta sahani ya pili, yenye seli za damu zisizo na ugonjwa. Nazo zimekufa.

“Umeona shida yangu?” anauliza huku akiandika matokeo. “Hata jiki ya kung’arisha nguo inaua saratani ukiimwaga kwa sahani. Swali ni kama mtoto atabaki hai.”

Nekoye, 28, anatafiti dawa mpya za saratani ya watoto. Hulipwa Sh38,000 kwa mwezi na bado anaishi na mama yake, Jentrix, mfanyakazi wa kiwanda cha nguo, katika nyumba ya kupanga mtaani Kiganjo, Thika.

Ni Kiganjo alikompoteza Mourine, rafiki waliyeketi naye dawati moja darasa la sita.

“Tuliambiwa ameenda ushago, kijijini kwao, kupumzika. Hakuna mtu alitamka saratani. Nilimwekea nafasi kwa dawati muhula mzima.”

Alipoanza kazi, wakubwa wake walimshauri ageukie saratani za watu wazima, ambazo hupata wafadhili kwa urahisi. Alipewa wiki moja afikirie. Alirudi kesho yake akiwa amekataa.

Mtihani mkubwa ulimjia mwaka jana. Alikuwa amehojiwa redioni, akaeleza jinsi kemikali ya mti huo ilivyoua seli za saratani maabarani. Wiki mbili baadaye, muuzaji mmoja wa dawa za mitishamba alimpigia simu. Alitaka picha yake akiwa na koti jeupe ibandikwe kwenye chupa, na angemlipa Sh150,000.

“Nilimwambia hii kitu bado si dawa. Akacheka, akakata simu.”

Chupa ziliuzwa bila picha, lakini jina lake lilitajwa kila mahali.

Huko Githurai 45, Kanini, mama anayeuza mboga sokoni, alinunua mbili. Bintiye Tabby, mwenye umri wa miaka saba, alikuwa akitibiwa saratani ya damu. Kanini akaacha kumpeleka hospitali.

“Dawa za hospitali zilikuwa zinamtapisha, nywele zikaisha,” asema Kanini. “Nikaambiwa kuna msomi amepata ya miti. Ningekataa aje?”

Alitafuta nambari ya Nekoye ili amshukuru.

“Aliniuliza, ‘Daktari, nimpe vijiko vingapi?’” Nekoye akumbuka. “Nilimwambia asimpe hata kimoja. Hakuniamini. Akaniambia Jumapili watakuwa kanisani, na muuzaji atakuwepo.”

Jumapili hiyo Nekoye alifika Githurai. Ibada ilipoisha, muuzaji alipewa kipaza sauti. Alipotaja tu “mtafiti Nekoye”, mwenye jina akasimama.

“Jina unalotaja ni langu,” alisema. “Sijatibu mtoto yeyote. Hii kitu inaua hata damu nzuri. Tafadhali, msiwanyweshe watoto.”

“Wewe msichana, keti chini,” muuzaji alifoka. “Hospitali zimekulipa ngapi?”

“Siketi. Nionyeshe mtoto mmoja amepona. Mmoja tu.”

Baadhi ya waumini walimzomea Nekoye, na mzee wa kanisa akamshika mkono amtoe nje. Alishikilia kiti kilichokuwa mbele yake, hakutoka.

Kanini alikuwa nyuma, Tabby akiwa amemlalia mapajani.

“Nilikuwa na hasira na wote wawili, na mimi mwenyewe pia,” asema. “Lakini nilimwona Mitchell akitetemeka na bado hakai. Nikajua huyu hajatumwa.”

Kesho yake wanawake hao wawili walimrudisha Tabby hospitali. Alikuwa amekosa wiki tano za matibabu, na madaktari walilazimika kuyaanza upya. Vipimo vya mwezi uliopita havikuonyesha seli za saratani, ingawa matibabu yataendelea kwa zaidi ya mwaka mmoja.

Nekoye naye alipewa onyo kazini kwa kuzungumza hadharani bila idhini, akatakiwa aandike barua ya kuomba radhi.

“Niliandika ukurasa mzima nikieleza kwa nini nitarudia.”

Hajafutwa kazi. Muuzaji alitishia kumshtaki, lakini hadi sasa hajaenda kortini. Nekoye ameomba jina la mti huo lisichapishwe, asije mzazi mwingine akaufuata na jembe.

Tangu Januari amekuwa akiibadilisha kemikali hiyo kidogo kidogo, akitafuta umbo litakaloacha seli nzuri zikiwa hai. Ametengeneza aina kumi na nne. Ya tisa inampa moyo, na mwakani anataka kuijaribu kwa panya iwapo atapata kibali. Safari ya kumfikia mtoto, asema, huenda ikachukua miaka kumi, au isifike kabisa.

“Watu huniambia hii ni kazi ya nchi tajiri,” asema akivaa glavu mpya. “Lakini watoto wanaougua hapa ni wetu. Zote kumi na nne zikikataa, nitatengeneza ya kumi na tano.”