Pori Nyuma ya Jiko

Mama yangu akisema anaondoka, usimwulize saa ngapi. Ujue kifurushi kimeshafungwa. Tangu nimlete kwangu Nachingwea, magoti yalipomgomea, kila kiangazi kikiingia anafunga khanga mbili na sufuria yake ndogo, anakaa barazani, anatangaza: anarudi kijijini kwake Matambarale kuchimba ming'oko.

"Mama, nyumba paa limeshaanguka. Nani atakuchotea maji?"

"Sifuati maji. Nafuata ming'oko."

Kwa asiyeijua, ming'oko ni viazi vya porini, vyembamba kama vidole. Unafuata mtambaa wake uliokauka, unachimba, unachemsha na chumvi. Sokoni ipo. Nikimnunulia anaimaliza yote, halafu anasema aliyeichimba alikuwa mvivu. Hakutaka kula tu, alitaka kuchimba.

Mimi mwoga, sifichi. Niliogopa nitarudi siku moja kutoka kwenye mikorosho nikute baraza tupu, na mama yuko peke yake kwenye gofu lile. Nikasema, kama ming'oko ndiyo inayomwita, basi ije hapa.

Nyuma ya jiko nilishaotesha mlonge na kisamvu cha mpira, na vyote vimenikubali. Nikamwagiza mdogo wangu aliyeko Ruangwa aniletee vichwa vya ming'oko, yaani ile ncha ya juu inayochipua.

Mama alicheka mpaka akajishika mbavu. "Ming'oko haipandwi! Mwenyezi Mungu ameshaipanda."

Nikapanda. Matuta yamenyooka, samadi ya mbuzi, maji asubuhi na jioni, palizi kila jani likithubutu. Kiangazi kilipofika nikachimba kwa mbwembwe, mama akitazama. Loo! Nikatoa vitu kama mikia ya panya.

"Umeidekeza," mama akasema. "Ming'oko inataka shida kidogo. Acha majani yaoze, acha miti iibebe. Na huo ufagio wako uuweke mbali."

Kwetu mwanamke asiyefagia uwanja anazungumzwa hadi Nambambo. Lakini niliacha. Majani yakajaa, miiba ikaota, mitambaa ikapanda mlonge na kuukaba. Mume wangu akauliza mimi na ufagio tumeachana kwa talaka ngapi. Jirani yangu, ambaye ua wake unang'aa kama sahani, akachungulia juu ya uzio.

"Mwenzetu, watu wanapanda maua, wewe unapanda pori?"

"Ndiyo! Na fisi wake nimeshaagiza!" nikamjibu. Alinikera kweli.

Kiangazi kilichofuata, kifurushi kikatokezwa barazani kama kawaida. Asubuhi mama akajifunga khanga kiunoni, akachukua kibuyu cha maji na fimbo yake iliyochongwa ncha.

"Haya, nakwenda porini. Mbaki salama."

"Mama!" Nikatupa mwiko, nikamkimbilia. Nikamkuta anapinda nyuma ya jiko, anakanyaga majani makavu taratibu, anatazama huku na huku kama mtu aliyefika mbali. Kibuyu cha maji, jamani, kwa safari ya kuzunguka jiko!

Akapiga magoti yaleyale mabovu, akasema bismillahi, akafuata mtambaa mmoja kwa vidole. Alichimba mpaka jua likawa kali. Nilipojaribu kumsaidia akanifukuza, eti nakanyaga kama ng'ombe.

Mwishowe akautoa mng'oko wa kwanza, mrefu, mnene, umejipinda kwa ukaidi. Akautazama, akanitazama mimi. Kisha akakata kichwa chake, akakirudisha shimoni, akafukia na kukifunika majani.

"Huku usifagie," akasema. "Mwakani nitaanzia hapa."

Mwakani! Nikageuka kuutazama mlonge, machozi yasionekane.

Alirudi uani na ming'oko kwenye upindo wa khanga, akasimama mlangoni hasogei, mpaka nikakumbuka adabu. "Pole na safari, mama."

"Nimeshapoa. Pori la huko limefunga kweli kweli. Haya, kafungue kile kifurushi, unipe sufuria yangu."

Nikaenda mbio kabla hajaghairi. Sufuria nikampa. Zile khanga nikazitumbukiza kwenye ndoo ya maji, zote mbili, nikazikanyagia chini kwa mguu.