Kamba wa Baba na Kioo cha Mandazi

Ninyi mliolelewa wakati televisheni ilikuwa na milango yake na kitambaa cha kufuma juu, sogeeni karibu. Nakumbuka tulipokuwa wadogo pale Ruiru, miaka ya tisini, kila kitu sebuleni kilivishwa: viti, redio, thamosi, hata kalenda ingefumiwa chake kama ingekuwa na mabega. Kwetu kulikuwa na kitambaa kimoja cha ziada, cha rangi ya machungwa, ambacho Mama alikifuma shingo upande. Kilifunika tangi la kioo la kamba wa Baba.

Msidhani nazungumzia kamba za kufungia mbuzi. Nasema wale viumbe wa majini wenye ndevu ndefu na miguu mingi kuliko inavyohitajika. Wa Baba walikuwa wale wadogo wa mtoni, hawazidi ukucha wa kidole gumba, na miili yao ilipenyeza mwanga hivi kwamba ungeweza kuona walichokula. Wageni walikuwa wakiinua kitambaa, wanakodoa macho, kisha wanauliza samaki wako wapi. Jirani yetu Mama Akinyi, aliyetoka kule ziwani, ndiye peke yake aliyewatambua. Alituambia kwao hao hukaushwa juani na kuliwa kwa ugali, akacheka mpaka akakaa chini aliposikia kwamba sisi ndio tunaowalisha.

Tangi lenyewe lilitoka Thika. Baba alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja huko, na meneja wake alipofungasha kurudi Ulaya aligawa vitu vya nyumbani. Mmoja akapata friji, mwingine sofa, Baba akapata tangi tupu. Alilifunga kwa blanketi nyuma ya baiskeli akalisukuma hadi Ruiru, kilima kwa kilima. Mama alipoliona alifurahi kupita kiasi. Aligonga kioo, akalizunguka, akasema likigeuzwa juu chini na kuwekwa juu ya sinia, hilo ni kabati la mandazi kamili. Baba akasema ni la kamba. Vita vikaanza hapo.

Kamba aliwachota mto Chania jioni baada ya kazi, kwenye nyasi za ukingoni, kwa chujio la chai, na magugu kidogo ya mtoni akawatilia tangini. Chujio la Mama. Wiki nzima tulikunywa chai tukitema majani pembeni, kwa sababu Mama alikataa chujio lirudi mezani kabla ya kuchemshwa mara tatu.

Kundi la kwanza halikumaliza siku. Baba aliwatia maji ya mfereji moja kwa moja, yale ya kaunsili yenye dawa, na kabla ya taarifa ya habari wote walikuwa wamelala ubavu. Tukajifunza kwamba kamba ni kiumbe wa kudeka. Maji yake lazima yalale kwenye debe siku mbili. Sabuni isimkaribie. Dawa ya mbu nayo ikapigwa marufuku nyumba nzima, basi mbu wa Ruiru wakatuzoea wakawa wanaingia kama jamaa. Nilikwenda shule na madoa usoni, mwalimu akanirudisha nyumbani akidhani ni tetekuwanga. Chakula chao kilikuwa jani la sukuma lililochemshwa, sawa na chetu, ila wao hawakulazimishwa kumaliza.

Wenzangu wa ploti, nyumba zile za kupanga zenye ua mmoja, walicheza kati kwa mpira wa makaratasi, bano za gololi na kalongolongo ya kupikiana matope, wakaruka blada ya mpira mpaka giza likaingia na mama zao wakaanza kuita majina kamili. Siku hizi mtoto ukimtuma dukani anaomba lokesheni. Mimi nilicheza pia, lakini kila nikipita mlangoni nilichungulia kwenye kioo, maana kundi la pili liliishi. Walikuwa sita. Mmoja alikuwa jike nene tuliyemwita Chealedi, kama mkubwa wa chama cha akina mama, kwa kuwa alitangulia kwenye chakula na hakuwahi kujibu hoja ya mtu.

Wakati huo kiwanda kilikuwa kimepunguza kazi mpaka siku tatu kwa wiki. Siku zilizobaki Baba alikaa kwenye kigoda mbele ya tangi, mikono magotini. Asubuhi moja akatuita sote kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu kazi ipungue. Chealedi alikuwa amebeba mayai chini ya tumbo, ya kijani, akiyapepea kwa vijiguu vyake. Baba alisema angalau kuna kitu katika nyumba hii kinachoongezeka. Mama hakucheka.

Jioni hiyo Mama alitoa uamuzi. Mfuko wa unga wa ngano ulikuwa tayari chini ya kitanda, na mahali pa kuuzia pale stejini kwa matatu alishapachagua.

"Mayai yakianguliwa, Baba Nyambura, kioo ni chako na sitakitaja tena," alisema, akimwita kwa jina langu. "Yakikosa, ni changu."

Baba akakubali. Mimi nilitaka Baba ashinde kuliko nilivyotaka kupita mtihani, na mandazi nilikuwa nayapenda sana.

Majuma matatu tulimhudumia Chealedi kuliko mjamzito yeyote wa ploti ile. Kisha Jumamosi moja nikainua kitambaa nikamkuta amelala chini ndani ya tangi, mweupe, mwepesi, ndevu na miguu yote mahali pake, mayai hamna. Niliita Baba. Alipiga magoti, akatazama, akahesabu waliobaki. Watano wazima na maiti moja, jumla sita. Hesabu ilikubali. Tulisubiri mpaka Jumatatu kama labda kuna yai limebaki mahali, hatukuona kitu.

Tulimzika kwenye kiberiti, kando ya sukuma za Mama. Nilitaka mazishi kamili, na enzi zetu mtoto akitaka jambo la kipuuzi namna hiyo alipewa. Mama Akinyi alikuja na leso. Baba alisema maneno machache, kwamba marehemu alikuwa mpole na alikula alichopewa, jambo ambalo si wote waliokusanyika wangeweza kulisema juu yao wenyewe. Mama aliinamisha kichwa, mabega yakamtikisika, na si kwa kilio.

Baada ya hapo Baba akatimiza ahadi. Wale watano aliwatia kwenye ndoo. Maji ya tangi aliyamwaga kwenye mitaro ya sukuma, karai baada ya karai, na magugu ya mtoni akayatupa juu yake. Mama alikuwa amebandika mafuta jikoni akijaribu mandazi ya kwanza, akiimba wimbo wa kanisani kwa furaha ambayo haikuwa ya kidini. Nami nikaokota gugu moja nilitikise kwa mara ya mwisho.

Chealedi akaruka kutoka ndani yake akaangukia mguuni pangu.

Tulichokuwa tumezika lilikuwa ganda. Hakuna aliyetuambia kwamba kamba huvua koti zima kila anapokua, ndevu kwa ndevu, na kwamba jike akishaangua mayai huvua tena, akajificha siku kadhaa mpaka ngozi mpya ikazane. Siku ile ya kuhesabu, Chealedi hakuwa amekufa, alikuwa kajificha kwenye magugu. Na kama alishaangua, basi watoto walikuwa wapi? Baba aliinama juu ya mtaro. Nikainama naye. Ukiangalia kwa makini, ndani ya yale maji ya matope, kulikuwa na vitu vidogo kama vipande vya uzi vikirukaruka.

Baba alikuwa ameshinda tangu Ijumaa, na alikuwa amemwagilia sukuma ushindi wake.

Alibaki amechuchumaa, mikono ikining'inia, na nilimwonea huruma. Bahati yetu ni ule udongo mweusi wa Ruiru, ambao haumezi maji haraka. Mama alitoka jikoni kuuliza kuna nini, nikamwonyesha. Aliingia ndani. Nilidhani amekasirika. Alirudi na chujio la chai, akapandisha rinda, akapiga magoti kwenye matope pamoja na kanga yake nzuri, akaanza kuchota. Alichota polepole, akigeuza chujio kwenye beseni la kuogea, akinong'ona "njoo, njoo" kama anayeita vifaranga. Tulipata kumi na mmoja. Wengine nadhani tuliwala na ugali mwezi uliofuata.

Mama aliponyoosha mgongo, matope mpaka kwenye viwiko, alimtazama Baba.

"Umeshinda," alisema. "Rudisha maji."

Baba alitazama beseni, akatazama mlango wa jikoni ambako moshi ulianza kutoka.

"Mandazi yanaungua," alisema.

Akachukua kitambaa, akaanza kulifuta tangi yeye mwenyewe, kona kwa kona, mpaka likang'aa.

Kamba waliishi kwenye beseni, nasi tukaoga kwa sufuria, mpaka mvua za masika Baba alipowarudisha mtoni. Mwaka uliofuata kiwanda kilifunga lango kabisa. Wateja wa kwanza walilalamika kwamba mandazi yana harufu ya mto, lakini walinunua, na kile kioo kilitulisha na kutusomesha sote mpaka kikapasuka kwa uzee.

Leo nakaa Kahawa Sukari, na mwanangu Kimani, mwenye miaka kumi na mitano, anafuga kamba. Wekundu, wa kuagizwa kwa simu, wanaletwa na pikipiki wamepakiwa kwa uangalifu kuliko nilivyopakiwa mimi nikipelekwa bweni. Wana taa yao, wana kipima joto, maji yao yanapimwa kuliko presha yangu. Hawana majina. Kimani hajawahi kumzika hata mmoja, wala kukaa kigodani akiwatazama bila kufanya jambo lingine.

Baba hayupo tena. Mama alitutembelea Jumapili moja, akasimama mbele ya lile tangi, akalipima kwa shubiri, akasema linaingia mandazi themanini bila kubanana. Kisha akaona kitu cheupe kimelala chini. Alishika mkono wa mjukuu wake kwa nguvu.

"Usimwage maji," alisema.

Kimani hakuinua hata kichwa kutoka kwenye simu. "Ni ganda tu, shosho. Ametoa ngozi. Imeandikwa hapa."

Mama akaomba asomewe, akasomewa yote: kuvua, kujificha, watoto wadogo wasioonekana kwa urahisi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Guka wako angekuwa na hiyo simu," alisema akimkumbuka Baba, "angebaki na kioo chake."

Akanitazama.

"Na mama yako tungemsomesha na nini?"

Kimani akaiweka simu chini. Chai ilikuwa inachemka, nami nikaenda jikoni kutafuta chujio.