Ya Kitanda au ya Sanduku

Nilipokuwa mtoto pale Somanda, mjini Bariadi, niliamini kwamba bibi yangu akisema jambo litakuwa, basi limeshakuwa. Akisema mvua, tulianua nguo jua likiwaka, na mara nyingi hatukujuta. Kwa hiyo siku aliposimama mlangoni ameshika kiuno, akitazama gunia langu la maranda, nilijua nimekwisha hata kabla hajafungua mdomo.

Gunia lile lilikuwa la simbilisi wangu. Mjomba, aliyekuwa dereva wa lori, alirudi safari ya Mbeya na boksi la sabuni lililotobolewa matundu, na ndani yake mlikuwa na simbilisi wawili. Mtaani kwetu hakuna aliyekuwa akiwafuga. Majirani walikuja kuchungulia, mmoja akasema ni sungura waliokatwa masikio, mwingine akasema ni panya waliosahau mikia yao safarini. Mimi nilichanganyikiwa kwa furaha. Dume, aliyepiga mluzi kila akisikia majani yakichakacha, nikamwita Refa. Jike, kwa rangi yake, nikamwita Kahawa. Bibi aliwakubali kwa sababu moja tu: mjomba alimwambia kwamba harufu yao hufukuza nyoka. Kama ni kweli, mpaka leo sijui, ila nyoka hatukumwona.

Tatizo likawa pa kulala. Sakafu ya saruji iliwalowesha matumbo. Nikawatandikia pumba za mpunga, vumbi likawapigisha chafya mpaka nikawaonea huruma. Nikajaribu pamba, maana ulikuwa msimu wake na huku kwetu haitafutwi mbali. Ikawazonga miguuni, na Refa akaanza kuitafuna. Nikaitoa yote. Katikati ya mahangaiko hayo Kahawa akaanza kutanuka mbavu, na ukimwekea kiganja tumboni unahisi vitu vinasukumana. Ana mimba! Nilizunguka nyumba mbio nikipiga kelele kama timu yetu imefunga goli. Sasa ilikuwa lazima nimpatie malazi ya maana, ndipo nikaenda kwa Fundi Nkwabi, seremala mwenye banda kwenye njia ya hospitali, nikarudi na gunia la maranda laini, yamejikunja vizuri na yananukia mbao.

"Haya ni ya kitanda au ya sanduku?" Bibi akauliza.

Fundi Nkwabi alitengeneza vitanda, na kwa kuwa hospitali haikuwa mbali, alitengeneza na majeneza, ambayo Bibi aliyaita masanduku ili asiyataje kwa jina. Maranda yote yaliangukia sakafu moja. Nikasema sijui.

"Hujui?" Bibi alikunja uso. "Kinachozaliwa juu ya maranda ya sanduku hakifungui macho, mayu. Nakwambia hakifungui! Kayamwage huko. Na wakizaliwa vipofu humu kwangu, wote warudi kwa mjomba wako, na baba yao na mama yao."

Nilikuwa nimeona watoto wa paka na wa mbwa wanavyozaliwa wamefumba macho, wakakaa hivyo kwanza, ndipo wakafumbua. Nikawaza watoto wa Kahawa wakibaki wamefumba maisha yao yote, halafu nikawaza boksi la sabuni likipakiwa tena kwenye lori. Gunia lote nikalimwaga siku ile ile.

Kuanzia hapo nikawa mlinzi wa maranda. Kila nikitoka shule napitia bandani, namwamkia Fundi kwa Kisukuma.

"Mwadila, Fundi. Leo kitanda?"

"Leo sanduku, mwanangu."

Kesho yake sanduku tena. Nilianza kuwaombea wagonjwa wa hospitali wapone wote, na nikiri kwamba sikuwa nikiwafikiria wao. Kahawa naye alikuwa amenenepa mpaka anatembea kama amemeza kiazi kizima. Hatimaye siku moja Fundi akaniona kwa mbali, akainua randa juu kama kikombe cha ushindi. "Kitanda!" akapiga kelele. "Sita kwa sita! Cha bwana harusi wa Mwandoya!"

Nilirukaruka pale barabarani mpaka bodaboda wakanipigia honi. Nilifagia sakafu mwenyewe, kona kwa kona, lisibaki hata randa moja la msiba. Fundi akaanza kupiga randa, na maranda yakawa yanaruka na kunidondokea kichwani huku nacheka. Nyumbani Bibi aliinusa ile shehena, akatumbukiza mkono ndani, akaniuliza mara mbili.

"Ya kitanda, Bibi! Tena cha harusi!"

"Wabeja, mayu," akasema, yaani asante, mama, na tukatandika pamoja.

Siku chache baadaye nilitumwa chumvi. Nikapita bandani kukitazama kitanda changu, maana nilishakihesabu kuwa changu. Hakikuwepo.

"Kimeshakwenda Mwandoya, Fundi?"

"Kile? Aa, kile hakikuwa tena," akasema akiendelea kupiga msumari. "Alfajiri walinijia watu wa msiba, na mbao kavu nyingine sikuwa nazo. Nikazikata zile zile. Bwana harusi atasubiri."

"Kwa hiyo ni sanduku?"

"Na limeshazikwa, mwanangu."

Chumvi niliisahau hapo hapo. Nilikimbia nikijua la kufanya: kumtoa Kahawa, kumwaga maranda, kufagia. Lakini nilipoingia uani nilimkuta Bibi amechuchumaa mbele ya kibanda, ungo wa choroko kando yake.

"Polepole!" akanong'ona. "Ameanza."

Nikamweleza yote pale pale, nikihema na kulia: bwana harusi, mbao, msiba. Bibi aliyatazama yale maranda, kisha akamtazama Kahawa aliyejikunja juu yake.

"Anayezaa hahamishwi," akasema mwishowe. "Tungoje macho."

Tukangoja tumeshikana mikono. Sikuwahi kumwona Bibi akiogopa, na kiganja chake siku ile kilikuwa na jasho. Kahawa akajikunja, akatoa kitu kilicholowa, akakiramba. Kikatikisika. Kikasimama! Kina manyoya, kina kucha, na kina macho mawili meusi, wazi kabisa, yanamtazama Bibi usoni.

"Bibi, kinaona! Kinaona!"

Akaja wa pili, akaja wa tatu, wote macho wazi kama watu waliochelewa mkutano. Bibi aliachia vigelegele mpaka majirani wakajaa uani. Walipoondoka nikapata ujasiri.

"Lakini Bibi, si ulisema hakifungui macho?"

"Nilisema hakifungui," akajibu bila kupepesa. "Wewe umewaona hawa wakifungua? Wamekuja nayo yakiwa wazi. Wameusikia mdomo wangu wakiwa humo tumboni, wakajihami mapema."

Leo najua kwamba simbilisi wote huzaliwa hivyo, uwatandikie chochote. Najua pia kwamba swali la kumuuliza seremala ni kama mbao imepigwa dawa, na kwamba vumbi lichekechwe kwanza. Ndivyo ninavyowafundisha wanangu. Lakini nikifika bandani, swali linalonitoka kwanza ni lile la Bibi, na mafundi vijana wananishangaa.

Bibi alipofariki, Fundi Nkwabi alikuwa mzee, mikono inatetemeka, lakini alikataa mtu mwingine ashike mbao za Bibi. Alipomaliza nilikuwa nimesimama pale na gunia.

"Haya ni ya sanduku, mwanangu," akaniambia taratibu.

"Najua, Fundi."

Nyumbani nilikuwa na jike mwenye mimba, wa ukoo wa Kahawa. Tulipotoka kuzika nilimtandikia maranda ya Bibi, nikayasawazisha kwa mkono kama tulivyofanya zamani. Alizaa wakati turubai la msiba bado halijashushwa. Wa kwanza alisimama, akayumba, akanitazama moja kwa moja usoni.

Niliachia vigelegele peke yangu pale uani, machozi yananitiririka, mpaka mama mmoja akatoka mbio kwenye turubai kuniuliza nimepatwa na nini.

"Tumepata watoto," nikamwambia. "Njoo uwaone macho."