Koti Tulilozika

Mume wangu alikuwa akichimba visima vya maji kule Kiganjo kabla ya kuajiriwa kwenye meli ya kutafuta mafuta baharini. Aliniandikia kwamba meli hiyo haikutia nanga. Mitambo ya kisasa ndiyo iliyoishikilia mahali pamoja ikichimba. Nilimsomea mama yake barua hiyo tukiuza viazi sokoni Karatina, akacheka sana.

Wiki iliyofuata wanaume wawili wa kampuni walikuja nyumbani, wakavua kofia. Walisema bomba la kuchimbia lilimpiga mume wangu, akatumbukia majini, na hakupatikana.

“Mashine inashika meli nzima,” mama mkwe akawaambia, “ikashindwa kushika mtoto yangu?”

Tulizika koti lake shambani, kando ya mibuni. Mpaka leo sijaiona bahari, wala sitaki.